Meza ya Fundi na Yaliyosemwa Juu Yake

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa asiyeweza kusema, angalia sana mnachokisema mbele ya sahani yake. Sikutishi. Watoto wangu wananiita Mama Ole Wenu, kwa sababu tangu wakiwa wadogo nawaambia ole wenu na moto, ole wenu na barabara, ole wenu na maji yaliyotuama. Najua mtu anayeonya kila siku, mwisho watu humwona anapiga kelele tu kama bati kwenye upepo. Lakini hili limetokea kwangu, mchana kweupe, na mpaka leo linamla mwanangu.

Meza ninayoisema aliitengeneza mume wangu. Alikuwa seremala, mtaa mzima ukimwita Fundi, na mimi nikamwita hivyo hivyo mpaka likawa ndilo jina la mapenzi. Tulipohamia nyumba hii banda lake la kazi lilikuwa bado halina paa, basi akaitengenezea humu humu sebuleni, mimi nikizoa takataka za randa kila jioni. Ikaja kuwa pana kuliko mlango. Meza imezaliwa ndani na haijawahi kuona nje. Haina msumari hata mmoja, ni ulimi wa ubao umeingia kwenye tundu lake na gundi kidogo, basi. Nilipomuuliza siku tukihama itatokaje, akaniambia, "Tukihama ni sisi tunaotoka, mke wangu. Meza haina haraka."

Na alikuwa na sheria moja. Jambo la mtu lisemwe mezani, na mwenyewe awepo. Mtoto akikosa shuleni, hasemwi jikoni, anaitwa anakaa. Mimi nilipokorofishana na wifi yangu nikaanza kumchambua, Fundi aliweka kijiko chini. "Mwiteni aje akae, ndipo tumseme. Kumsema mtu asiyekuwepo ni sawa na kukata mbao bila kupima." Wifi akaitwa kweli, akaja, tukasemana usoni, tukalia, tukala. Ndivyo tulivyoishi. Watoto wawili walikulia kwenye sheria hiyo, wa kwanza wa kiume na kitinda mimba wa kike.

Wa kiume tulimpachika jina la Msasa, kwa ulimi wake. Tangu mdogo anasema lililo moyoni bila kulipaka mafuta, likikukwaruza ni shauri lako. Si mbaya, nataka mjue hilo. Alijifunza useremala kwa baba yake na sasa ana karakana yake mwenyewe, anatengeneza milango na vitanda vinavyosifiwa. Wa kike tunamwita Kitinda, fundi cherehani, mcheshi. Akiingia ndani hata kuku wanajua.

Kiharusi kilimkuta Fundi asubuhi bandani, patasi mkononi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na ulimi ukafungwa kabisa. Si nusu neno, si "a" wala "e". Hospitalini daktari alituambia, "Akili inaweza kuwa nzima, na inaweza isiwe. Msemesheni. Muda utaonyesha." Tukarudi naye nyumbani na swali hilo moja. Yumo, au hayumo? Ukimlisha unajiuliza, ukimvua shati unajiuliza. Unamtazama machoni kama mtu anayechungulia nyumba yenye pazia.

Nilimkalisha mahali pake pa siku zote, pembeni upande wa ukutani. Hakumaliza hata wiki akaanza kugonga. Alikunja ngumi ya kushoto akagonga pembe ya meza kwa mafundo ya vidole, ko, ko, kisha anatulia, kichwa amekiinamisha. Halafu tena. Siku ya kwanza ilisadifu namimina chai. Nikampa, akanywa. Tukasema ahaa, akigonga anataka chai. Ndiyo ikawa tafsiri ya nyumba nzima. Maskini, alikunywa chai mume wangu! Mara nyingine alikisukuma kikombe kwa mgongo wa mkono, nami namwambia kunywa, isije ikapoa.

Watoto walikuwa wanakuja Jumapili. Jumapili moja, tumekula, mzee bado anatafuna polepole na kitambaa shingoni, Msasa akasogeza sahani yake pembeni. "Mama, tuongee mambo ya Mzee."

"Tutoke nje," nikamwambia. "Baba yako anakula."

"Nje kufanya nini? Sheria yake inasemaje? Jambo la mtu lisemwe mezani na mwenyewe awepo. Meza hii hapa, mwenyewe huyu hapa. Tumekosea wapi?"

Kitinda akacheka. "Hapo kaka amekufunga goli, Mama."

"Awepo ili ajibu," nikasema. "Ole wenu na dhihaka."

"Haya, ajibu." Msasa akamgeukia baba yake, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Mzee! Banda nalifunga. Vifaa nachukua mimi. Wewe unakuja kwangu, Mama apumzike. Unasemaje?"

Fundi akamtazama. Kisha akagonga pembe ya meza. Ko, ko.

"Chai," akasema Kitinda, akainuka kwenda jikoni.

Msasa akashusha pumzi. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi, "Umeona, Mama? Unajisumbua. Baba alishaondoka siku ile bandani. Huyu tunayemlisha ni mwili tu."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nasema ukweli. Na tuongee yote tumalize. Siku ikifika, sanduku nitalitengeneza mimi mwenyewe, sinunui. Na mbao ni hizi." Akaupapasa uso wa meza kwa kiganja. "Mlangoni haipiti, lazima ikatwe tu. Uso huu unatosha sanduku la mzee na kifuniko chake. Ni heshima hiyo, Mama. Azikwe na kazi yake."

Alikuwa anapima kwa shubiri huku anaongea. Alianzia pembe ya pili, shubiri baada ya shubiri, mpaka kidole chake kikagusa sahani ya baba yake. Akaisogeza kidogo ili aendelee kupima.

Jicho la kushoto la Fundi likatoa machozi. Kitinda, aliyekuwa amerudi na kikombe, akamfuta kwa ncha ya kanga. "Jicho la ugonjwa hilo, linalia lenyewe," akasema. "Haya Baba, chai yako."

Mimi nilisema ole wenu, ole wenu, mara ngapi sijui. Wakasema, Mama naye. Ndilo jibu ninalopewa miaka yote, Mama naye.

Jumapili iliyofuata Msasa alikuja na magunia ya kubebea vifaa. Nikamwambia ale kwanza. Nilikuwa nimeinjika maharage, nikaleta sufuria yenyewe mezani, bado inatokota, nikaiweka katikati. Kitinda alikuwa amekaa karibu na baba yake ili amlishe. Siku hiyo Fundi hakutulia. Aligonga kabla sijapakua, akagonga baada ya kupakua. Chai akaipiga kibao ikamwagika. Kijiko akakikataa. Kisha akachukua bakuli lake kwa mkono ule mmoja, akalipakata mapajani.

"Leo mzee ana visa," akasema Kitinda. Fundi akaliachia bakuli, akamshika mkono wa gauni, akawa anamvuta kwake. "Jamani, Baba ananing'ang'ania! Baba, nitadondoka kwenye kiti. Kaka, tazama, leo napendwa."

Akainuka kitini, huku anacheka, akajisogeza mpaka begani kwa baba yake. Msasa naye akaegemea meza kwa viwiko vyote viwili ili awaone vizuri.

Tulisikia mlio kama wa biskuti ikivunjika. Pembe ile ikazama. Sahani zikateleza, jagi likafuata, na sufuria ikashuka na maharage yake yanayochemka, ikamwagika yote juu ya kiti alichokuwa amekaa Kitinda. Kilikuwa kitupu. Mvuke ulipanda tukawa hatuonani.

Nilipiga yowe la kuita majirani wa mtaa wa pili. Kitinda hakuungua isipokuwa tone dogo kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa amemkumbatia baba yake shingoni, hasemi tena utani.

Msasa akaingia chini ya meza. Ni fundi, mkono wake ulienda moja kwa moja penye ugonjwa. Ule mguu wa meza, wa pembe ya ukutani, ulikuwa umebunguliwa na wadudu wa mbao mpaka ndani. Nje umebaki ganda tu, ndani ni unga mtupu, mwepesi kama poda ya mtoto. Nilikuwa naufagia unga ule kila asubuhi nikidhani ukuta unapukutika. Akaukwaruza kwa ukucha. "Huu si wa mti mmoja na ile mingine," akasema toka kule chini. "Mitatu ni mkangazi, mti mgumu. Huu ni mbao laini, umepakwa rangi ufanane."

Sikuwa najua. Miaka yote naifuta meza ile, sikuwa najua. Mbao zilimwishia Fundi, akaunga na alichokuwa nacho, akanyamaza. Alijua yeye peke yake kwamba siku wadudu wakiingia wataingilia pale.

Kisha nikamsikia Msasa anagonga. Aligonga mguu wa kwanza kwa mafundo ya vidole, mlio ukaja mzito. Wa pili, mzito. Wa tatu hivyo hivyo. Kipande kilichobaki cha ule wa nne kikatoa mlio wa boga kavu. Akagonga tena, tunaona nyayo zake tu.

Kila seremala hufanya hivyo. Fundi hakununua ubao wowote maishani mwake bila kuugonga kwanza na kuinamisha kichwa asikilize kama ni mzima. Msasa alifundishwa hivyo na mkono ule ule uliokuwa unagonga mezani.

"Mama," akaita, bado yuko chini. "Hii chai. Alianza kuiomba lini?"

"Tangu atoke hospitali."

"Akigonga wapi?"

"Hapo hapo. Pembe hiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote, mwanangu."

Akatoka kwa magoti. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga ule. Akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa anamtazama. Nimeolewa na macho yale, nayajua. Yalikuwa macho ya mtu ambaye hakuwahi kutoka chumbani hata mara moja.

"Alikuwa anasikia," akasema Msasa. "Mama, mimi nilipima sanduku. Niliisogeza sahani yake nikapima."

Kitinda alipiga magoti palepale, kwenye maharage na vigae vya sahani. "Nisamehe, Baba. Nilikucheka. Nilikufanya mtoto." Fundi akamwekea mkono kichwani, akauacha pale mpaka akamaliza kulia. Hilo tuliliona sote na halina mjadala.

Msasa alitoka nje. Nilimfuata nikamkuta amesimama bandani katikati ya magunia yake matupu.

"Nenda kwa baba yako."

"Nitaenda na nini mkononi, Mama?"

"Nenda na mdomo."

"Mdomo ndio ulioharibu." Akaanza kupangua mbao zilizosimamishwa ukutani, moja baada ya nyingine. "Namtengenezea mguu kwanza. Wa mti mgumu. Nikimaliza ndipo nitamwambia."

"Mwambie sasa, mguu utafuata. Ole wako na kesho, mwanangu."

"Mama naye," akasema. Lakini safari hii alisema kama mtu anayeomba aachwe.

Akaingia na mbao tatu, akamlazia baba yake ya kwanza mapajani. Fundi akaigonga, akasikiliza, akaisukuma. Ya pili akaigonga mara moja tu, akaitazama kwa dharau mpaka mimi nikacheka bila kutaka. Ya tatu aliigonga mwanzo, akagonga katikati, akagonga mwisho, kisha akaweka kiganja juu yake na hakukiondoa.

Kazi ilifanyika sebuleni ili aione. Meza ilipinduliwa miguu juu, nasi tukawa tunakula sahani tumezipakata. Msasa aliacha wateja wake, akawa anakuja kila siku. Alikuwa akichonga ulimi wa mguu, anampelekea baba yake. Fundi anaupapasa kwa kidole gumba, kisha anaonyesha kwa kucha, hapa. Msasa anarudi kupunguza kidogo kwa patasi. Ungedhani wanazungumza. Mwanangu alikuwa anaongea sana siku zile, habari za mbao, za gundi, za mteja aliyetaka mlango uwe mrefu kuliko nyumba. Baba yake aliinua upande mmoja wa mdomo. Ila lile jambo, Msasa hakuligusa. Nilikuwa nikimkonyeza, ananionyesha mguu haujaisha. Nikafikiri, labda ndivyo wanaume wanavyosuluhishana. Lakini moyo wangu haukutulia, na hofu yangu sikumwambia mtu, kwa kuwa nilishachoka kuitwa Mama naye.

Alasiri moja mguu ukaingia kwenye tundu lake. Tukaigeuza meza, Msasa upande huu, mimi na Kitinda upande ule. Ikasimama. Msasa akamsogeza baba yake na kiti chake mpaka pembeni pale, akapangusa mikono kwenye suruali, akapiga magoti.

"Baba. Yale niliyosema, nilidhani hupo. Hata ungekuwa hupo, si maneno ya mtoto kusema. Nilikupima kama mbao. Naomba unisamehe."

Fundi aliinama kidogo. Mkono wake ukashuka na ule mguu mpya mpaka ulipoishia, ukapanda tena polepole, ukafika kwenye kiungo, ukatafuta ufa, haukuuona. Ukapanda juu, ukaja kwenye ukingo wa meza ambapo Msasa alikuwa ameshikilia. Ukakaa juu ya vidole vyake. Halafu ukaondoka, ukarudi mapajani, na Fundi akageuza uso kwenye dirisha.

"Umenisamehe, Baba?"

Hakugeuka.

"Amechoka," nikasema mimi. "Amekaa muda mrefu. Utamuuliza kesho."

Kulipopambazuka kiharusi cha pili kilikuwa kimeshampitia. Nilikwenda na maji ya kumnawisha uso, nikamkuta.

Sanduku Msasa hakulitengeneza. Alishika msumeno, akauweka chini, tukaenda kununua kama watu wengine. Vifaa viko bandani vyote. Meza ipo, imara, ndiyo ninayoandikia haya.

Wengine mtasema, si alimshika vidole? Kitinda anasema hivyo. Anasema Baba alishasamehe, kaka anajitesa bure. Majirani wanasema mzazi hana kinyongo. Nami natamani kusema hivyo. Nimejaribu. Lakini niliishi na Fundi, nilimwona akikasirika na nilimwona akisamehe, na siku ile sikujua ni lipi. Alikuwa mtu wa haki, hakusamehe haraka, na alipokuwa mzima alipenda kulala na jambo mpaka asubuhi. Huenda jibu lake lilikuwa la asubuhi.

Kwa hiyo nawaambia. Msiseme mbele yake kama hayupo. Na kama mmeshasema, msingoje mpaka mmalize kitu, msingoje mpaka mpate cha kumpelekea. Mwombeni leo na mumwombe tena kesho, kwa sababu asiyeweza kusema hawezi kukuita urudi.

Msasa bado anakuja Jumapili. Chakula hali sana. Tukishaondoa vyombo, anaweka mkono wake kwenye ukingo wa meza, pale pale, vidole vimelala.

"Nionyeshe, Mama. Aliutoa vipi?"

Naweka mkono wangu juu ya wake. Kisha nautoa.

"Hivyo? Aliuvuta, au ulimteleza?"

"Sijui, mwanangu."

"Rudia."

Narudia. Nautoa taratibu, naona ni mtu aliyechoka. Nautoa vile vile, naona ni mtu aliyekataa. Ananiangalia usoni, si mkononi, akitafuta humo. Kisha ananiambia tena, rudia, nami naurudisha mkono wangu juu ya wake.